Maporomoko ya Maji Moto ya Saturnia, Toscana, Italia

Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya Amiata, mlima wa volkano iliyozimika, hupenya chini kabisa ardhini, hupata joto miambani, kisha huibuka Saturnia ikiwa na nyuzijoto 37.5. Kijito cha Gorello huyaleta maji hayo hapa, kando ya kinu cha zamani. Chokaa iliyoyeyuka majini huganda tabaka juu ya tabaka. Ndiyo iliyojenga mabeseni haya meupe, na bado inayajenga. Harufu unayoisikia ni ya salfa.

Kuoga ni bure, usiku na mchana.

• Vua vito vya fedha. Salfa huvitia weusi.
• Kanyaga taratibu, mawe yanateleza.
• Usitumie sabuni, wala usimegue kingo. Aliye chini yako anaoga maji hayohayo.