Wingu au Ukungu? Funzo Kutoka Milima ya Uskoti

Wafasiri wa maelezo ya picha za mandhari hutuuliza mara kwa mara: wingu hukoma wapi, na ukungu huanzia wapi? Ili kulijibu swali hili tumeona vema tupande, kwa maneno tu, kilele cha Ben Nevis huko Uskoti, chenye kimo cha mita 1,345. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Atlantiki hupandishwa na milima hiyo, zikapoa, na mandhari iliyokuwa wazi ikafunikwa kwa muda mfupi.

Mwaka 1881 Clement Wragge alikipanda kilele hicho kila siku wakati wa kiangazi ili kupima hali ya hewa. Kituo cha kudumu kilifunguliwa mwaka 1883, na wapimaji waliandika vipimo vya kila saa, usiku na mchana, mpaka kilipofungwa mwaka 1904 kwa kukosa fedha. Lile ambalo mtu wa bondeni aliliita wingu, kwao lilikuwa ukungu mlangoni.

Je, picha haikuweza kumaliza ubishi? Kwa muda mrefu haikuweza. Mabamba ya kioo ya siku zile yalipokea mno mwanga wa buluu, hata mbingu ikatoka nyeupe tupu na mawingu yakapotea. Luke Howard alikuwa amekwisha kuyapa mawingu majina ya Kilatini mjini London mwaka 1802. Ushahidi wa picha ulikawia. Katika miaka ya 1880 Ralph Abercromby alizunguka dunia akiyapiga picha, kuonyesha kuwa aina zake ni zile zile kila nchi. Mwaka 1896 ikatolewa atlasi ya kimataifa ya mawingu. (Jina, kielelezo, kisha makubaliano: sisi wa istilahi tunauonea wivu mfuatano huo!)

Septemba 1894 C.T.R. Wilson alikaa kituoni hapo, akastaajabia pete za rangi zilizokizunguka kivuli cha mtu juu ya wingu. Alijaribu kuyaiga mawingu hayo katika maabara huko Cambridge, na chombo kilichotokana na kazi hiyo kilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Pete hizo tunapendekeza ziitwe *pete za kivuli*.

Tukirudi kwa mfasiri: kinachogusa ardhi pale aliposimama mpigapicha ni ukungu. Wataalamu huuhesabu kuwa mzito iwapo mtu haoni kufika mita 1,000. Zaidi ya hapo ni ukungu mwepesi. Kinachoelea mbali na ardhi ni wingu. Ama kile kilicholala bondeni kibaki ukungu, hata kama kutoka kileleni kinafanana na bahari ya mawingu.