Nyumba isiyokula umeme mingi: kodi inaweza kumusaidia mujenzi wa Lubumbashi?

Mutu anayejenga leo Ruashi ao Annexe anahesabu matofali, saruji na manzanza. Kama nyumba yake itakuwa ya baridi mu mwezi wa kumi na itakula umeme kidogo, hakuna kodi inayopunguka juu ya ile.

Marekani kuna sheria ya namna hiyo tangu 2005. Mujenzi wa nyumba mupya inayotumia nguvu kidogo alikuwa anakatiwa dola 2.000 kwenye kodi yake, kwa kila nyumba. Sheria ya 2022 ikapandisha mpaka dola 2.500, na 5.000 kwa nyumba bora zaidi. Fundi asiyehusika na mujenzi njo anapima nyumba na kutoa cheti. Lakini sheria ya Julai 2025 imeweka mwisho: nyumba inayochukuliwa na mwenyeji kisha tarehe 30 Juni 2026 haipati tena.

Sababu gani wanamupa mujenzi, hapana anayelala ndani? Jibu linaonekana hata Katuba ao Kenya. Mwenye lupango anajenga, mupangaji njo analipa umeme, na umeme ukikatika anaenda kununua makala ya mbabula. Plafo ingekuwa mzigo kwa mwenye lupango na faida kwa mupangaji. Basi haiwekwe.

Na hapa kwetu, plafo ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Mwishoni mwa mwezi wa kumi, saa sita ya mchana, jua la Lubumbashi linasimama karibu kabisa juu ya kichwa. Kuta hazishike jua sana. Manzanza njo yanashika lote. Plafo, na matundu ya kutosha hewa ya moto kati yake na manzanza, vinafanya kazi kuliko vantilatere. Mwezi wa sita ni kinyume: usiku baridi inauma, na jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Dirisha kubwa la kaskazini linaingiza joto bure. Dirisha la magharibi linachoma chumba kila jioni, na wajenzi wengi wanaliweka palepale kwa sababu barabara iko upande huo.

Tofali nalo lina hesabu yake. Tofali la kuchoma, udongo wake mara nyingi unatoka kwenye kichuguu, linakula kuni za pori la miombo hata kabla ya nyumba kusimama. Tofali la udongo na saruji kidogo, linalokandamizwa na mashini, halipite kwenye moto.

Nani angeweza kupunguza kodi? Katiba ya 2006, kifungu cha 204, inaweka kodi ya nyumba na viwanja, pamoja na kodi ya mapato ya kupangisha, mikononi mwa jimbo. Haut-Katanga inakusanya hizo kupitia DRHKAT. Kwa hiyo mlango wa kugonga ni bunge la jimbo, linalotunga edikti, ni kusema sheria za jimbo. Kodi ya nyumba yenyewe imetoka kwenye sheria ya Februari 1969: villa inahesabiwa kwa metre za mraba na cheo cha eneo. Nyumba ya tanuru na nyumba ya baridi, zikiwa na ukubwa mumoja, zinalipa sawasawa.

Kunakili mufano wa Marekani neno kwa neno hakungefaa. Punguzo la kodi linamusaidia tu mwenye kodi ya kulipa, na hapa watu wengi wanajenga wenyewe, chumba kimoja kimoja, na fundi wa mutaa asiye na kampuni. Punguzo la mujenzi lingeishia kwa makampuni machache yanayojenga Golf. Kodi ya kupangisha ni njia nzuri zaidi, kwani inamugusa yuleyule mwenye lupango anayekataa plafo.

Kunabaki swali la kupima. Mashini za kupima nyumba kama Marekani ni bei kali. Lakini plafo, matundu ya hewa, upande wa madirisha na aina ya tofali vinaonekana kwa macho, na mutu wa urbanisme anaweza kuviandika siku ileile anayokuja kuangalia ruhusa ya kujenga.