Nukta ya Chernov: Jinsi Siri ya Kuzimisha Chuma cha Pua Ilivyofumbuliwa

Tangu kale wahunzi wa nchi nyingi walijua kwamba chuma cha pua, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni isiyozidi takriban asilimia 2, kikipashwa moto hadi kiwe chekundu kisha kikatumbukizwa majini, tendo linaloitwa kuzimisha, huwa kigumu hata tupa ikateleza juu yake. Walijua pia kwamba ugumu huo huandamana na wepesi wa kuvunjika, na kwamba dawa yake ni kukipasha tena kwa moto mdogo huku wakiutazama uso wake uliosuguliwa ukigeuka rangi: manjano hafifu kwenye nyuzijoto 220 hivi, iliyofaa nyembe, na buluu karibu na 300, iliyofaa kamani.

Kilichokosekana ni sababu, na palipokosekana sababu pakajaa maelekezo ya ajabu. Theophilus, mwandishi wa karne ya 12 aliyeeleza sanaa za mikono kwa Kilatini, alishauri zana zizimishwe katika mkojo wa mbuzi aliyelishwa kangaga tupu, au wa mtoto wa kiume mwenye nywele nyekundu. Ushauri huo haukuwa upuuzi mtupu, kwa kuwa maji yanapoguswa na chuma cha moto hufanya utando wa mvuke unaozuia joto lisitoke upesi, na chumvi iliyomo katika mkojo huuvunja utando huo. Nywele za mtoto, bila shaka, hazikuhusika.

Mabadiliko makubwa yalitoka katika kiwanda cha Obukhov, St. Petersburg, ambako Dmitry Chernov alianza kazi mwaka 1866, wakati mizinga ya chuma cha pua ilipokuwa ikipasuka katika majaribio bila mtu kuelewa kwa nini mmoja ustahimili na mwingine, uliotokana na chuma cha aina ile ile, usambaratike. Chernov alivichunguza vipande vilivyovunjika akaona kwamba tofauti haikuwa katika mchanganyiko wa chuma bali katika chembe zake, kwani mizinga mibovu ilikuwa na chembe kubwa zinazoonekana kwa macho, na mizinga mizuri chembe ndogo zilizoshikamana. Ndipo alipougeukia moto wenyewe. Mwaka 1868 aliwaeleza wanachama wa jumuiya ya mafundi wa Urusi kwamba kuna kiwango cha joto, alichokiita nukta a, ambacho chuma kisipokifikia hakiwi kigumu hata kikipozwa kwa kasi gani, na kwamba juu yake kuna nukta b, ambako chembe kubwa hupotea na kutoa nafasi kwa chembe ndogo. Hakuwa na kipimo cha joto la namna hiyo. Nukta a aliitambulisha kwa wekundu uliokolea weusi, kama wa tunda la cheri lililoiva, rangi ambayo jicho huiona tofauti katika jua na katika kivuli cha karakana. Kwamba mtu aliweza kuweka msingi wa elimu nzima kwa kipimo dhaifu kiasi hicho ni jambo la kustaajabisha kuliko nukta zenyewe.

Maelezo ya ndani zaidi yalikuja baadaye. Chini ya nyuzijoto 727 hivi atomi za chuma hupangika kwa namna isiyoacha nafasi kwa kaboni, ila kidogo mno, na juu ya hapo hujipanga upya zikaipokea. Chuma kikipozwa taratibu kaboni hujitenga, lakini kikizimishwa ghafla hunaswa humo humo na kuuvuta mpangilio wa atomi hadi ukakazana. Umbo hilo, linaloonekana kwenye hadubini kama sindano zilizopishana, Mfaransa Floris Osmond aliliita martensaiti mwaka 1895, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens.

Osmond ndiye pia aliyezipima nukta za Chernov katika miaka ya 1880, kwa kipimajoto cha nyaya za platini alichokibuni Henry Le Chatelier. Aligundua kwamba chuma kinapopoa hugeuka kwenye joto la chini kidogo kuliko kinapopashwa, na kwa hiyo kila nukta ilihitaji majina mawili. Herufi c na r zinazoyatofautisha majina hayo, na zinazosomwa hadi leo katika michoro ya viwandani ni zake, ya kwanza ikitokana na neno la Kifaransa la kupasha na ya pili na lile la kupoza.