"Masanga": solo iliyofundishwa na santuri

Ni solo chache za gitaa kavu zilizowahangaisha wanaojifunza katika Afrika ya Mashariki na Kati kama "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda. Ilirekodiwa mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa machimbo wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Aliyeirekodi ni Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akizunguka na mitambo yake kusini na katikati mwa Afrika. Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930, alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei. Hakuwa na bendi nyuma yake. Alikuwa na gitaa moja na vidole vyake. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya Osborn iliyotolewa na Jumuiya ya Muziki wa Afrika, na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikauza santuri zake chini ya nembo ya Gallotone.

Katanga ya wakati huo ilikuwa mahali pazuri pa kuzaliwa muziki wa aina hiyo. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Vibarua walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda na Urundi, na lugha iliyowaunganisha kazini na kambini ikawa Kiswahili. Mshahara wa mgodini uliweza kununua gitaa la bei nafuu. Asiyekuwa na uwezo huo alijitengenezea la ubao, akafunga nyuzi zilizofumuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Wengi wa wacharazaji hao walikuwa makarani, vibarua na mafundi waliopiga jioni baada ya kazi. Wengi wao hawakuwahi kukaa mbele ya mwalimu wa muziki, na mtindo wa Katanga ulijengwa na watu wa namna hiyo.

Ugumu wa "Masanga" hauko katika mkono wa kushoto. Vidole vya mkono huo vinashika kodi za kawaida ambazo anayeanza huzijua mapema. Mzigo uko mkono wa kulia, na mkono huo unatumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene za juu bila kukatika, likishika besi. Shahada inacharaza nyuzi nyembamba, inatoa wimbo, na haikubali kufuata hatua za gumba: inaingia katikati ya mapigo yake, mara inagawa pigo kwa mbili, mara kwa tatu. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani ni magitaa mawili. Anayejaribu kuipiga hugundua kwamba akiisikiliza shahada, gumba linasimama. Akilisimamia gumba, shahada inaanza kulifuata kama kivuli. Wapigaji walilitatua hilo kwa njia moja: kulizoesha gumba peke yake mpaka litembee bila kufikiriwa, ndipo shahada iongezwe, nota moja baada ya nyingine.

Kuna pia kifaa kidogo kilichowapoteza wengi. Wapigaji wa Katanga walizoea kufunga penseli au kijiti kwa kamba au mpira juu ya shingo ya gitaa, kikabana nyuzi zote na kupandisha sauti. Kodi zilibaki zile zile rahisi, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya juu zaidi. Asiyejua siri ya penseli angeweza kuzitafuta nota hizo siku nzima katika sehemu za gitaa ambazo mpigaji hakuzigusa kabisa.

Nje ya Katanga, mwalimu alikuwa santuri. Iliyokuwa ikiuzwa ni ile ya mizunguko 78 kwa dakika, yenye takriban dakika tatu kila upande, ikichezwa kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mwanafunzi alisikiliza kipande kifupi, akainua sindano, akajaribu kwenye gitaa, kisha akairudisha sindano pale alipokisia kipande kilianzia. Gramafoni nyingi zilikuwa na kidude cha kurekebisha kasi, na mwenye subira aliweza kuipunguza ili nota zitengane. Kupunguza huko kulikuwa na gharama: kasi ikishuka, sauti nayo inashuka, na ikifika nusu ya kasi wimbo unashuka oktava nzima. Hapo ilibidi gitaa lilegezwe upya au masikio yahesabu tofauti. Sindano za chuma nazo zilikuwa zikiikwangua santuri kila mara. Sehemu ngumu, ndiyo iliyorudiwa zaidi, ndiyo iliyochakaa mapema, na mwanafunzi aliyebakiwa na mkwaruzo peke yake alilazimika kujaza kwa kubuni. Tofauti nyingi kati ya mpigaji na mpigaji zilianzia hapo, na si haki kuziita makosa, kwa kuwa wengine walipata kwa njia hiyo mapigo yaliyokuwa mali yao wenyewe.

Nairobi ilibahatika kuupata ujuzi huo kwa macho. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Edouard Masengo, ndugu yake Mwenda, alifika huko na kupiga muziki. Mwenda naye alikaa mjini kwa muda na akawa na kipindi chake redioni. Waliokuwa wamehangaika na santuri kwa miaka sasa waliweza kuutazama mkono wa kulia ukifanya kazi. Swali la vidole vingapi, ambalo sikio haliwezi kulijibu kwa uhakika, lilijibiwa kwa kutazama mara moja.

Magharibi mwa Kenya, miongoni mwa Waluhya, vidole viwili vilichukua njia nyingine. Mtindo wa omutibo, ambao George Mukabi ndiye aliyeutangaza zaidi kabla ya kuuawa mwaka 1963, ulitumia gumba na shahada pia, lakini mdundo wake ulitoka katika ngoma za nyumbani, huku mwenza wa mpigaji akigonga chupa ya Fanta. Mtoto aliyejifunza huko aliweza kuanza kwa kugonga chupa. Alipokuja kupewa gitaa, mdundo ulikuwa umeshamkaa mwilini, na hatua iliyowashinda wanafunzi wa santuri kwake ilikuwa imekwisha kupita.

Katika miaka ya 1960 gitaa la umeme lilibadilisha hata maana ya kupiga solo. Katika bendi za dansi za Kinshasa, Dar es Salaam na Morogoro kazi ya mtu mmoja iligawanywa: besi huku, ridhim pale, na mpiga solo juu ya wote. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alijenga jina kwa solo zilizomtegemea mwenzake wa ridhim kulishika pigo. Anayejifunza solo ya namna hiyo peke yake chumbani anapiga nusu ya muziki. "Masanga" haimhitaji mtu wa pili, na hiyo ni sababu kubwa ya wapigaji wa kujifurahisha kuendelea kuirudia hata baada ya bendi kulitawala soko.

Maandishi yalikuja nyuma ya masikio. Kati ya mwaka 1961 na 1962 mtafiti wa muziki David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa upigaji wa Mwenda pamoja na nota zake, na kwa mara ya kwanza mtu wa mbali aliweza kuuona muundo huo kwenye karatasi. Karatasi haikuwatosheleza wote. John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta Mwenda, Masengo na mpiga gitaa mwenzao Losta Abelo ili ajifunze kwao, na safari hiyo akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1982. Baadaye Mmarekani Elijah Wald naye alikwenda Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda.

Waliofika kwake walikutana na jambo ambalo santuri haikuweza kulisema. Mwenda hakuwa na "Masanga" moja. Alikuwa na kiini cha wimbo na vipande kadhaa, na kila alipokaa na gitaa alivipanga upya, akirefusha kimoja na kuruka kingine. Rekodi alizofanya Cape Town mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kufa katika ajali ya gari, hazirudii zile za 1952 nota kwa nota. Kilichokaririwa na wanafunzi wa santuri kilikuwa mpangilio wa siku moja ya Jadotville.

Leo anayejifunza ana video anayoweza kuipunguza kasi bila sauti kushuka, na ana nota zilizoandikwa tayari. Hatua ya kwanza haijabadilika: gumba peke yake, besi ikitembea sawasawa, kabla shahada haijaruhusiwa kugusa uzi.