Mpindo wa Mwanga na Mpaka wa Ruvuma: Kupatwa kwa Jua kwa Mei 29, 1919 na Msamiati wa Fizikia Kaskazini mwa Cabo Delgado

Ikisiri

Kupatwa kwa jua kwa Mei 29, 1919 ndiko kulikotumiwa kupima iwapo mwanga wa nyota hupinda unapopita karibu na jua. Vipimo vilichukuliwa Brazili na katika kisiwa cha Príncipe, ilhali kivuli cha mwezi kilimalizia safari yake ya Afrika katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Makala haya yanaeleza kwa nini pwani hiyo isingeweza kutoa kipimo hicho, na yanatumia sababu hiyo ya kifizikia kuonyesha kasoro iliyomo katika neno kupinda kama linavyotumiwa katika Kiswahili cha sayansi. Yanadai pia kwamba msamiati wa mwanga uliokuzwa kaskazini mwa Ruvuma ulizuiwa na mpaka kuwafikia wasemaji walio kusini mwa mto huo.

Kivuli kinafika pwani

Mei 29, 1919 kivuli cha mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Brazili na Bahari ya Atlantiki, kikapita juu ya Príncipe, kisha kikalikata bara la Afrika kwa mshazari. Kilipita Gabon, Kongo, kaskazini mashariki mwa Zambia ya leo, ncha ya kaskazini ya Malawi, kusini mwa Tanganyika, na mwishowe kaskazini mashariki mwa Msumbiji. Kilipofika huko jua lilikuwa linakaribia kuchwa. Pwani ya Cabo Delgado inaelekea mashariki. Kwa hiyo jua lililopatwa halikuonekana juu ya bahari bali upande wa bara, nyuma ya minazi na mikoko, huku giza likitoka nchi kavu kuelekea majini.

Nchi iliyofunikwa na giza hilo ilikuwa imetoka vitani majuzi tu. Wareno waliitwaa Kionga kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na Palma na Mocímboa da Praia zikawa milango ya kushushia majeshi. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, na kwa sehemu kubwa ya mwaka 1918 vita vilipiganwa katika ardhi iliyotawaliwa na Kampuni ya Niassa, kampuni ya mkataba iliyokabidhiwa eneo hilo tangu 1891 hadi 1929. Hesabu ya wapagazi waliokufa katika vita hivyo haihusiani na mada hii, lakini ni vigumu kuitaja tarehe hiyo bila kukumbuka ni watu gani walioliangalia jua hilo likitiwa giza.

Kuna jambo jingine la tarehe ambalo maandishi ya historia ya sayansi hayalitaji. Mei 29, 1919 iliangukia siku za mwisho za Shaaban 1337. Kwa hesabu ya kalenda, Ramadhani ya mwaka huo ilianza takriban Mei 31. Mwezi uliolifunika jua jioni ile ndio uleule ambao Waislamu wa Ibo, Palma na visiwa vya Kirimba walikuwa wakiungojea uandame. Tukio lenyewe lilitokea baina ya alasiri na magharibi, wakati ambao swala za sunna kwa kawaida hukatazwa. Lakini katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, swala ya kupatwa kwa jua huruhusiwa hata wakati huo kwa kuwa ni swala yenye sababu. Muda wake nao hwisha jua likichwa. Kwa mtazamo wa fikihi, basi, pwani hii ilikuwa na dakika chache mno.

Kilichopimwa kwingine

Wanajimu wa Kiingereza waligawanyika makundi mawili. Crommelin na Davidson walikwenda Sobral, Brazili. Eddington na Cottingham walikwenda Príncipe. Walichokitafuta kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Iwapo mwanga wa nyota unapita karibu na ukingo wa jua, je, njia yake hugeuka? Hesabu iliyofuata fikra za Newton ilitoa jawabu la sekunde 0.87 za tao. Nadharia ya Einstein ya mwaka 1915 ilitoa takriban maradufu yake, yaani sekunde 1.75. Sekunde moja ya tao ni sehemu 1 kati ya 3,600 za digrii moja. Nyota zilizo karibu na jua hazionekani mchana, hivyo ilibidi kusubiri mwezi ulifunike jua, kupiga picha kwenye sahani za kioo, na kuzilinganisha na picha za nyota zilezile zilizopigwa usiku jua likiwa kwingine.

Tarehe hiyo ilikuwa ya bahati. Mwishoni mwa Mei jua husimama mbele ya kundi la nyota za Hyades, lenye nyota nyingi zinazong'aa. Hyades ni jirani wa Kilimia. Nyota kubwa inayoonekana miongoni mwake, Aldebaran, ilipewa jina la Kiarabu lenye maana ya mfuasi kwa sababu humfuata Kilimia angani. Wakulima na mabaharia wa pwani, wanaohesabu majira kwa kuzama na kuzuka kwa Kilimia, walijua kwamba katika wiki hizo za Mei nyota hizo hazionekani kwa kuwa zimekaribiana na jua. Ujuzi wa kwamba nyota zipo, ila zimemezwa na mwanga wa jua, haukuwa mgeni Cabo Delgado; na ndio ujuzi ambao jaribio zima lilisimama juu yake.

Matokeo yalitangazwa London Novemba 6, 1919. Lenzi ndogo ya Sobral ilitoa sekunde 1.98, Príncipe ikatoa 1.61 kwa shaka kubwa zaidi, na darubini ya pili ya Sobral, ambayo picha zake hazikuwa kali, ikatoa thamani iliyokaribia ile ya Newton. Uamuzi wa kuziweka kando picha hizo umejadiliwa sana na wanahistoria. Vipimo vya baadaye, hasa vya mawimbi ya redio, vimethibitisha thamani ya Einstein kwa usahihi mkubwa mno.

Mipindo miwili

Kwa nini kipimo hicho kisingewezekana Palma au Mocímboa da Praia, ingawa ukanda wa kivuli ulifika eneo hilo? Sababu kuu ni hewa. Mwanga ukitoka katika utupu na kuingia katika mada, uga wake wa umeme huzitikisa elektroni zilizomo katika atomu. Elektroni hizo nazo hutoa mawimbi yao, na mawimbi hayo yakijumlishwa na lile la kwanza hutokea wimbi linalosonga kwa kasi ndogo zaidi. Wimbi linaloingia kwa mshazari hupunguza kasi upande mmoja kabla ya mwingine, na hivyo hugeuka. Ndiyo sababu mpondo uliotumbukizwa majini huonekana umevunjika, na ndiyo sababu mvuvi mwenye mkuki hulenga chini ya pale anapomwona samaki.

Hewa ni mada hafifu, lakini mwanga utokao karibu na upeo wa macho hupita katika tabaka lake nene kwa mshazari mkali. Kwenye upeo wenyewe mpindo wa hewa hufikia takriban dakika 34 za tao, zaidi ya upana wa jua lenyewe. Dakika hizo ni zaidi ya sekunde 2,000: zaidi ya mara 1,000 ya kile alichokitafuta Eddington. Hata jua likiwa digrii chache juu ya upeo, mpindo wa hewa bado ni mamia ya mara ya mpindo wa Einstein, nao hubadilika kwa joto na kwa unyevu. Aidha, molekuli za hewa huutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, na hivyo nyota za chini hufifia. Jambo dogo lingezama ndani ya jambo kubwa.

Matukio haya mawili yanatofautiana kwa asili, si kwa ukubwa pekee. Mpindo wa hewa, wa maji au wa kioo unahitaji mada, nao hutegemea rangi: ndiyo maana kioo cha pembe tatu huutawanya mwanga mweupe kuwa rangi za upinde wa mvua. Mpindo unaosababishwa na jua hauhitaji mada yoyote njiani, na rangi zote hugeuka sawasawa. Katika nadharia ya Einstein, mwanga hufuata njia iliyo nyoofu kuliko zote. Kilichopinda ni muundo wa nafasi na wakati uliokizunguka kitu chenye tungamo kubwa. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mwanga umepinda kwa jua kama unavyopinda kwa maji ameambiwa jambo la uongo kwa sentensi isiyo na kosa la sarufi.

Msamiati na mpaka

Kiswahili kimepata maneno ya mwanga kwa njia zaidi ya moja. Akisi ni la asili ya Kiarabu, na linatokana na mzizi uleule uliotumiwa na wataalamu wa Kiarabu wa elimu ya mwanga, akiwamo Ibn al-Haytham (965 hadi takriban 1040). Sharabu, linalotumika kwa mada inayonyonya mwanga, nalo ni la Kiarabu, kutoka katika kunywa. Ibn al-Haytham alikuwa na istilahi mahususi ya kugeuka kwa mwanga unaopita kutoka mada moja hadi nyingine, lakini hiyo Kiswahili hakikuichukua. Nafasi hiyo ilijazwa na kitenzi cha Kibantu, pinda, ambacho hutumika kwa mti, kwa chuma, kwa njia na kwa mgongo wa mzee. Vitabu vya shule vya Tanzania vikalithibitisha: kupinda kwa mwanga. Katika karne ya ishirini kitenzi hicho kikabebeshwa pia tukio la 1919, na wengine hukitumia hata kwa mwanga unaozunguka ukingo wa kizuizi. Kireno, lugha ya shule ng'ambo ya kusini ya Ruvuma, kina maneno matatu tofauti kwa matukio hayo matatu.

Hapa historia ya mpaka inaingia. Mwaka uleule wa 1919, katika makubaliano ya amani, Kionga ilithibitishwa kuwa mali ya Ureno. Tangu 1894 ilikuwa chini ya Wajerumani, ambao walikitumia Kiswahili katika utawala na shule. Kuanzia hapo ikawa chini ya dola ambayo shule zake zilifundisha kwa Kireno. Kaskazini mwa mto, Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930, BAKITA mwaka 1967, na TUKI ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kusini mwa mto, wasemaji wa Kiswahili wa Palma na wasemaji wa Kimwani wa Mocímboa da Praia na Ibo walibaki na lugha iliyoandikwa barua kwa hati ya Kiarabu kwa vizazi, lakini ambayo haikuwahi kukaa darasani karibu na kioo na lenzi. Ubishi wa wanaisimu kuhusu iwapo Kimwani ni lahaja ya Kiswahili au ni lugha iliyoathiriwa nacho hauna uzito hapa. Kwa vyovyote vile, istilahi haikuvuka.

Mwaka 2003 Msumbiji ilianzisha elimu ya lugha mbili, na Kimwani kimo katika lugha 16 zilizochaguliwa mwanzoni. Agosti 2019, miaka 100 baada ya kivuli kile, SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Miaka hiyohiyo, tangu Oktoba 2017, vita vimewatawanya watu wa pwani hii, na familia nyingi zimehamia Pemba na Metuge. Watoto waliohama wamekutana na walimu na vitabu vya namna mbalimbali. Suala la istilahi linaweza kuonekana dogo mbele ya mahitaji hayo. Hata hivyo, vitabu vya dharura navyo huandikwa kwa maneno, na neno likishachapishwa halitoki kwa urahisi.

Kikwazo cha kitaasisi ni dhahiri. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inafanya kazi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Msumbiji si mwanachama. SADC ina Msumbiji na Tanzania pamoja, lakini azimio lake linahusu lugha ya mikutano na nyaraka. Kazi ya kulinganisha istilahi za sayansi baina ya Kiswahili cha Tanzania na Kimwani cha shule imeangukia katikati. Ingefaa ianzie SADC, na ianzie kwa orodha fupi.

Kuhusu pinda lenyewe, yapo maneno yanayovutia ambayo hayafai. Mkengeuko una harufu ya maadili, kana kwamba mwanga umepotoka. Mchepuko ungekuwa sahihi kabisa kwa wajenzi wa barabara, lakini mwalimu yeyote wa Dar es Salaam anajua darasa litacheka nini. Njia nafuu ni kuliacha pinda lilipo na kulitia kivumishi: mpindo wa mpito kwa mwanga unaovuka kutoka mada moja hadi nyingine, na mpindo wa mvutano kwa ule uliopimwa Sobral na Príncipe. Wasemaji wa Kimwani wataamua wenyewe iwapo kitenzi chao kinastahimili mgawanyo huo.

Ramadhani ilipokuwa ikianza takriban Mei 31, usiku wa kuutazama mwezi ulikuwa Mei 30. Macho yalielekezwa kwenye upeo uleule wa magharibi, kupitia hewa ileile nene. Hewa hiyo huinua taswira ya kila kilicho chini ya anga, hivyo mwezi mwembamba uonekanao ukigusa miti huwa, kwa hesabu ya mstari mnyoofu, umeshakwenda chini yake. Huo ni mpindo wa mpito.