Kijiti cha Imamu Nawawi na Kioo cha Simu

Ramadhani moja, msikitini Mkuyuni, Mwanza, kijana aliyetoka kuuza samaki alikaa kibarazani akisoma Qur'ani kwenye simu kabla hajatawadha. Mzee mmoja akamkemea: "Mwanangu, wagusaje msahafu bila udhu?" Kijana akajibu: "Shikamoo mzee, nagusa kioo tu." Suala likatufikia, nasi tunaliona lina umri mkubwa kuliko simu zenyewe.

Imamu Rafii (aliyefariki mwaka 623 Hijria, 1226 Miladia) alisema katika al-Muharrar kuwa asiye na udhu hafunui kurasa za msahafu hata kwa kijiti, kwani ukurasa unaogeuzwa ni kama umebebwa. Imamu Nawawi (676 Hijria, 1277 Miladia) alikifupisha kitabu hicho akapata Minhaj, ambacho makadhi wa Kishafii wa Zanzibar walikitegemea. Humo alimkhalifu Rafii: kijiti kinafaa, maana mwenye nacho hakugusa wala hakubeba. Lakini Nawawi huyo huyo alikataza kufunua kwa kiganja kilichofunikwa mkono wa kanzu, kwa sababu hapo anayegeuza ni mkono wenyewe.

Je, kioo ni kijiti au ni kanzu? Sisi twaona si hiki wala kile. Kidole hutelezeshwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama tulivyozoea kufunua msahafu, lakini hakuna karatasi inayonyanyuka. Herufi ni mwanga tu, ukizima simu hazionekani. Ndiyo maana wanavyuoni wengi wa zama zetu hawakuihesabu simu kuwa msahafu. Wanaozuia husema maandishi yakiwa wazi simu huchukua hukumu ya msahafu, na kwa Mashafii hata jalada la msahafu haligusiwi bila udhu. Hoja hiyo haidharauliki, na mzee hakusema kwa ujinga. Kijana hakutenda haramu, ila bomba lilikuwa hatua chache tu.

Na ndani ya swala? Dhakwan alimswalisha Bibi Aisha (r.a.) akisoma kutoka msahafuni. Abu Hanifa aliona swala ya namna hiyo hubatilika, na moja ya sababu ni kwamba kubeba na kufunua kurasa ni kitendo kingi. Nawawi katika al-Majmu' akasema kufunua mara moja moja hakubatilishi, na kwa Mashafii vidole kutikisika huku kiganja kimetulia hakudhuru. Kidole juu ya kioo ni chepesi kuliko karatasi. Simu ikilia katikati ya Suratul-Baqara, hilo ni suala jingine.