Gavana Götzen na Ziwa Kivu

Mwezi wa Juni 1894, Gisenyi ingali haijawa mji, alitokea ufukoni mwa Kivu luteni wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, aliyeanza safari Pangani mwishoni mwa 1893 na msafara wa wapagazi, akavuka Kagera penye maporomoko ya Rusumo, akapokewa Kageyo na Mwami Rwabugiri, mfalme wa Rwanda, ambaye hakutakwa shauri Ulaya ilipoigawa nchi yake. Akaukwea mlima wa volkano Nyiragongo, akachungulia shimo lake la moto, kisha akashika njia ya misitu ya Kongo hata pwani ya magharibi.

Sifa za safari ile zilimfaa, na 1901 akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, huko Dar es Salaam. Walakini kukwea mlima si kutawala raia. Wamatumbi walipong'oa pamba ya kulazimishwa, Julai 1905, na vita vya Maji Maji vikaenea kusini, askari wake walichoma vijiji na maghala ya nafaka, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wanahistoria hukadiria waliokufa baina ya 75,000 na 300,000.

Aliondoka 1906. Jina lake lilitiwa kwenye meli ya Ziwa Tanganyika, ambayo Waingereza, walipoiopoa majini, waliiita Liemba.